Kalibu Aliyoivunja Bi Kidawa

Kama kwenu kuna lile kabati la vioo sebuleni, ambalo mama hulifungua akija mgeni tu na nyinyi watoto mkafinywa mkiligusa, basi hii inakuhusu. Aliyenitumia hakusema kaitoa wapi, nami sitajifanya najua. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na hasira. Ukimaliza, mpelekee mtu mmoja tu, yule unayemjua aliyewahi kuambiwa kwamba kitu fulani si cha watu kama yeye.

Nchi yenyewe ilikuwa na mchanga mweupe kandokando ya mito, magadi tele ziwani, na mfalme. Kwa mchanga na magadi watu walitengeneza kioo. Kwa mfalme walitengenezewa amri.

Amri mojawapo ilikuwa hii: kioo kitupu, kama chupa za mafuta, kila mtu anaweza kuwa nacho. Kioo chenye nakshi ni cha kasri peke yake. Huko kasrini mafundi walichukua bakuli nene, wakalikaza kwenye gurudumu la jiwe linalozunguka kwa maji na mchanga, wakachonga ua moja, jani moja, mstari mmoja. Bakuli moja lilikula siku arobaini. Kwa hiyo yalikuwa machache, na kwa kuwa yalikuwa machache yalisemekana ni matakatifu.

Raia wa kawaida alinywea kibuyu au kikombe cha udongo. Bakuli la nakshi aliligusa siku ya harusi yake tu. Mtumishi wa kasri alikuja na bakuli moja juu ya kitambaa cheupe, bibi harusi akapiga magoti, akanywa funda moja la maji, bakuli likafutwa likaondoka. Desturi hiyo iliitwa kunywa na kurudisha. Watu waliipenda! Walibishana ni binti wa nani aliyelishika kwa muda mrefu zaidi. Ndivyo tulivyo, tukinyimwa kitu kwa heshima tunasema asante.

Bi Kidawa, binti wa mhunzi, alipoolewa naye alipiga magoti. Maji yalikuwa bado mdomoni bakuli liliponyakuliwa. Alikuwa ameona majani yamechongwa yakishuka kuelekea chini ya bakuli, akataka kujua yanaishia wapi. Hakujua.

"Mimi nitakuwa na langu," alimwambia mumewe walipofika nyumbani.

Mumewe, Mzee Saburi, wakati huo bado kijana, alidhani ni furaha ya harusi inasema. Akajibu, "Inshallah."

Saburi alikuwa mtengeneza chupa. Alikuwa na tanuri lililochimbwa kwenye mteremko nyuma ya nyumba, na ndani yake vyungu viwili vya kuyeyushia kioo. Moto wa tanuri la kioo hauzimwi. Ukizima, kioo kinagandia ndani ya chungu na chungu kinapasuka, na kujenga upya ni kazi ya mwaka. Moto wake hakuwahi kuuzima.

Bi Kidawa alikuwa na tindo za baba yake. Alichukua pande mbili za chuma zinazofungana kwa bawaba, akaanza kuchonga kwa ndani. Alichonga kinyume: alipotaka jani liinuke kwenye kioo, kwenye chuma alichimba shimo la jani. Kati ya jani na jani alipiga vidoti kwa ncha ya msumari, maelfu ya vidoti, kwa sababu kioo kikigusa chuma kilichopoa hufanya mikunjo, na vidoti vinaificha mikunjo hiyo na kuukamata mwanga. Kazi ile ilimchukua miaka miwili, tena ya kuiba muda kati ya kupika na kufua. Kifaa hicho cha chuma ndicho kinaitwa kalibu. Ukiitia kioo cha moto na kukikandamiza, kinatoka bakuli lenye nakshi.

Halafu mabakuli yakaanza kutembea. Mtu alileta mzigo wa kuni za tanuri, akaondoka na bakuli. Mwingine alileta kapu la vigae vya chupa zilizovunjika, maana vigae huyeyuka upesi kuliko mchanga, naye akaondoka na bakuli. Wanawake waliyaficha mwanzoni. Baadaye wakachoka kuficha, wakayaweka mezani, wakala wali.

Mfalme alikuja kugundua kwa kiu tu.

Alikuwa ametoka kukagua daraja, jua kali, akasimama kwa muuza uji mmoja anayeitwa Bi Mkejina akaomba maji. Bi Mkejina alichanganyikiwa kwa furaha. Mfalme kwake! Akakimbilia ndani, akatoka na chombo chake kizuri kuliko vyote, akapiga magoti akakinyanyua kwa mikono miwili.

Mfalme alilitazama bakuli. Majani, maua, vidoti vinavyometameta.

"Hili umeliiba wapi?"

"Sijaiba, Mfalme wangu. Nimelipata kwa Bi Kidawa kwa mzigo wa kuni."

"Mzigo wa kuni!"

"Miwili," Bi Mkejina akasema haraka, akidhani Mfalme analiona limeenda rahisi. "Ila mmoja ulikuwa mbichi."

Mfalme hakunywa. Alirudi kasrini na kiu yake, na kesho yake asubuhi alikuwa mbele ya tanuri la Mzee Saburi, na askari wanane, na mkuu wa wachonga vioo wa kasri, Fundi Mbaruku.

Huyu Fundi Mbaruku tusimwonee. Alikuwa fundi kwelikweli. Alikuwa amechonga vioo kwa miaka ishirini na sita, mgongo umepinda kwa kuinamia gurudumu, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimelika ncha kwa jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnong'oneza Mfalme njiani kwamba mwanamke yule ni mwizi wa nakshi.

"Nionyeshe unavyofanya," Mfalme akasema.

"Karibu, Mfalme. Simama huku, huko cheche zinaruka," Bi Kidawa akajibu. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Zawena, chota."

Mzee Saburi, aliyekuwa akitetemeka kwa niaba ya wote wawili, alichovya chuma kirefu ndani ya chungu, akakizungusha, akakitoa na donge la kioo cha moto linaloning'inia kama asali nzito. Akalileta juu ya kalibu. Donge likashuka lenyewe. Bi Kidawa alilitazama, akangoja, akalikata kwa mkasi. Hakupima kwa kitu chochote isipokuwa jicho. Kioo kikipungua, ukingo wa bakuli haujai; kikizidi, ukingo unakuwa mnene kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Akavuta wenzo. Mchi wa chuma ukashuka ndani ya kalibu kama mchi unavyoshuka kwenye kinu, ila huu haukutwanga, ulikandamiza mara moja. Kioo kilikimbilia pembeni, kikapanda, kikajaza kila jani na kila kidoti. Alihesabu kimoyomoyo, akainua mchi, akafungua bawaba.

Bakuli lilitoka limekunjamana kama uso wa mtu aliyelala kifudifudi mchana kutwa.

Fundi Mbaruku akaangua kicheko. Askari nao wakacheka, kwa kuwa Fundi kacheka.

Bi Kidawa akalichukua kwa koleo akalirudisha kwenye chungu likayeyuke. "La kwanza na la pili ni ya kupasha kalibu joto," akasema. "Chuma baridi hakipokei kioo. Fundi Mbaruku hajui hilo kwa sababu yeye anafanya kazi kwenye maji."

La pili likatoka nusu mikunjo. La tatu lilipotoka hakuna aliyecheka. Lilikuwa jekundu bado kwa moto, na jinsi lilivyopoa kidogo kidogo majani yalikuwa yakijitokeza moja moja. Bi Kidawa akaliingiza kwenye tanuri dogo la pembeni, lenye joto la wastani, lipoe polepole mpaka kesho. Likiachwa nje lingepasuka lenyewe mbele ya macho yao.

"Kulifanya hilo la tatu kumechukua muda gani?" Mfalme akauliza.

Fundi Mbaruku alikuwa amefungua kilemba ajifute jasho. Alikitazama mkononi mwake. "Mfalme, nilikifungua la tatu likichotwa, na sijapata hata muda wa kukifunga tena."

Kisha Fundi akajikusanya, akachukua bakuli lililokwisha kupoa rafuni.

"Lakini tazama, Mfalme. Huu ni mshono, pande mbili za chuma zilipokutana. Hili hapa ndani ni kovu la mkasi. Na majani haya kingo zake ni butu, pitisha kidole, hazikati. Nakshi ya kweli inakata kidole. Hiki ni kitu cha kuigiza."

"Fundi kasema kweli yote," Bi Kidawa akasema. "Mshono upo. Kovu lipo. Sikuvificha. Ila mimi sikumwambia mtu kwamba hili ni bakuli la kasri. Nilimwambia ni bakuli."

"Na nakshi?" Mfalme akafoka. "Nakshi ni ya nani?"

"Majani ni ya mti ulio uani kwangu, Mfalme. Hayo mengine nimechonga mwenyewe."

"Sasa kama kila muuza uji ana bakuli la nakshi, mimi nina nini?"

Lilikuwa swali la kweli, nadhani la kweli kuliko yote aliyowahi kuuliza. Bi Kidawa akalijibu vilevile.

"Una lako, Mfalme. Hakuna aliyelichukua."

Hapo ndipo alipoharibu, au ndipo alipotengeneza, chagua mwenyewe. Mfalme angeweza kusamehe wizi. Kuambiwa kwamba hajaibiwa chochote hakuweza kuvumilia.

"Ijumaa," akasema, "uwanjani, mbele ya watu wote, utaivunja kalibu hii kwa mkono wako mwenyewe. Usipoivunja, askari wangu watamwaga maji kwenye tanuri hili mpaka lizime. Na baada ya hapo, yeyote atakayetaka nakshi atasubiri siku ya harusi yake, apige magoti, anywe, arudishe."

Wakaondoka. Mzee Saburi akakaa chini palepale, kwenye majivu.

"Mama Zawena, tuombe radhi. Nenda kasrini kwa magoti kama unavyojua. Tutengeneze chupa zetu za mafuta tuishi."

"Magoti nilishapiga mara moja. Inatosha."

"Basi watazima moto! Miaka kumi na mmoja!"

"Hawatazima. Nitaivunja kalibu."

Mzee Saburi akamtazama mkewe asiamini. "Utaivunja?"

"Nimesema nitaivunja. Inuka, chota kioo. Zimebaki siku tano."

Siku hizo tano Bi Kidawa alifanya kazi kama mtu aliyepagawa. Tangu alfajiri mpaka jua linazama wenzo ulipanda na kushuka. Na tofauti na siku zote, hakutaka kuni wala vigae. Mabakuli yalipopoa aliyagawa bure. Aliyepita njiani akapewa. Mfinyanzi akapewa, mhunzi akapewa, wachuuzi wanaovuka mpaka wakapewa mawili mawili. Wake wa askari walikuja kwa mlango wa nyuma wamejitanda kanga mpaka puani, nao wakapewa. Mtu wa kasrini akatuma mtoto wa jirani aseme ni la jirani. Bi Kidawa akacheka, akalifunga bakuli kwenye majani ya mgomba, akampa.

"Unagawa jasho letu," Mzee Saburi alilalamika.

"Chota," mkewe akajibu.

Mjini watu walisema ameshindwa, anagawa mali kama mtu anayejiandaa kufa. Wengine walimwonea huruma. Wengine, na hawa hawakosekani, walisema si alijitakia, nani alimwambia ashindane na Mfalme. Hao hao mabakuli waliyapokea.

Ijumaa ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda kuta. Mfalme alikaa jukwaani kwenye kiti chake chini ya mwavuli, askari wanane wamejipanga mbele yake na mikuki, Fundi Mbaruku amesimama kulia kwake. Bi Kidawa alikuja amevaa nguo zake za kazi zenye matundu ya cheche. Nyuma yake Mzee Saburi alisukuma mkokoteni. Ndani yake palikuwa na jiko la makaa, kalibu ikiwa juu yake inawaka wekundu, ndoo ya maji, nyundo kubwa, na kapu lililofunikwa kitambaa ambalo watu walidhani ni chakula.

"Uko tayari kutii?" Mfalme akauliza.

"Niko tayari, Mfalme."

Hakutoa hotuba. Alichukua ndoo akaimwagia kalibu maji baridi. Chuma kilipiga kelele, mvuke ukamfunika mpaka akapotea, na uwanja mzima ulisikia mlio wa ufa. Binti wa mhunzi anajua chuma kinavyovunjika. Mvuke ulipotawanyika alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili. Akapiga mara moja, akapiga mara mbili. Miaka miwili ya tindo ikalala chini vipande vitatu.

Bi Mkejina, muuza uji, akalia kwa sauti bila aibu. Wanawake wengi walilia naye.

"Yamekwisha," Mfalme akasema, akaegemea kiti.

"Yangu yamekwisha, Mfalme, nimetii mbele ya watu. Naomba ruhusa ya jambo moja dogo la kazi, kisha niende nyumbani."

Mtu aliyeshinda huwa mkarimu. Mfalme akapunga mkono, endelea.

Bi Kidawa akafunua kapu. Ndani hapakuwa na chakula. Palikuwa na udongo wa mfinyanzi, laini, umekandwa vizuri.

"Nani amekuja na bakuli?" akauliza umati.

Watu wakatazamana. Bi Mkejina, akijifuta machozi, akatoa lake chini ya kanga. Lilikuwa na uji bado. Akaunywa wote kwanza, akalifuta kwa upindo, akampa.

Bi Kidawa akalipaka bakuli majivu kwa nje ili lisigande, akalikandamiza kwenye udongo mpaka ukingoni. Hakulizungusha. Alilikandamiza tu, akatulia, akalinyanyua wima polepole. Bakuli la kalibu hufanywa pana juu na jembamba chini ili litoke bila kukwama, nalo lilitoka bila kukwama. Akalirudisha kwa mwenyewe. Kisha akalibeba kapu mpaka mbele ya Mfalme, akaliinamisha aone.

Mle ndani ya udongo kulikuwa na majani yote, na maua yote, na vidoti, hata mshono.

"Mfinyanzi atajaza udongo mwingine humu apate umbo la bakuli," Bi Kidawa akasema, na sasa hakuwa akiongea na Mfalme peke yake, alikuwa amepaza sauti. "Umbo likishakauka na kuchomwa, mhunzi atamwaga chuma kulizunguka. Chuma kikipoa atakuwa na kalibu, ndogo kidogo tu kuliko ile niliyoivunja. Mimi niliichonga kwa miaka miwili kwa sababu nilikuwa wa kwanza. Wa pili hahitaji kuchonga. Anahitaji bakuli moja."

Mfalme alikuwa ametoa mgongo kwenye kiti.

"Kalibu inazaa bakuli, Mfalme, na bakuli linazaa kalibu. Ulikuja umechelewa. Hukupaswa kuniambia nivunje chuma. Ulipaswa kumnyang'anya bakuli mtu wa kwanza niliyempa, na sasa hata mimi simkumbuki ni nani."

Uwanja ukavuma. Mtu mmoja juu ya ukuta alipiga kelele, "Mungu akuweke, mama!" akakaa kimya upesi alipoona anatazamwa.

"Nitayakusanya yote!" Mfalme akasimama. "Nyumba kwa nyumba! Kila jiko! Askari!"

"Sawa, Mfalme," Bi Kidawa akasema. "Lakini usianzie mbali. Anzia majikoni kwa hao unaowatuma."

Mfalme akawageukia askari wake. Wanane wale walikuwa wakitazama mbele, kila mmoja ameganda, na shingo zinatiririka jasho.

"Nani kati yenu," Mfalme akauliza taratibu, "ana kitu hiki nyumbani kwake?"

Wangeweza kusema uongo wote wakaokoka. Lakini mkubwa wao, mtu wa ndevu nyeupe aliyekuwa amemtumikia hata baba yake Mfalme, aliuchomeka mkuki wake ardhini, akainua mkono.

"Ninalo, Mfalme. Wajukuu wangu wananywea uji humo."

Wa pili akachomeka mkuki. Wa tatu. Yule mtumishi wa kitambaa cheupe, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti siku zote kama pazia, naye aliinua mkono. Mikono ikapanda uwanja mzima, mingine na mabakuli juu, jua likipiga kwenye vidoti mpaka ikawa taabu kutazama.

"Fundi Mbaruku!" Mfalme akaita, sauti imebadilika. "Waambie. Waambie kitu hiki si nakshi. Wewe unajua."

Fundi Mbaruku alikuwa akitazama chini. Alianza kuinua mkono wa kulia, ule wenye kidole gumba kilicholika, ukafika kifuani ukasita, halafu akaupandisha mpaka juu ya kichwa.

"Mfalme wangu, nisamehe. Mke wangu alilileta, nikalichukua nilivunje. Nikasema kwanza nilijaze maji nione kama linavuja. Nikanywa."

"Ukanywa?"

"Miaka ishirini na sita nimechonga mabakuli, Mfalme. Yale yote unayonywea ni ya mkono huu. Sikuwahi kunywea hata moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilikaa nalo mpaka maji yakaisha, nikajaza tena. Nilikuja kumshtaki kwa sababu nilikasirika. Nilidhani nimemkasirikia yeye."

Akashuka kutoka jukwaani, mgongo wake umepinda vilevile, akaenda kusimama upande wa watu.

Mfalme alibaki na mwavuli na kiti. Alitazama vipande vitatu vya chuma, akatazama kapu la udongo, akatazama ile mikono ambayo bado haikuwa imeshuka. Alifungua mdomo kutoa amri na akagundua kwamba hajui amwambie nani. Akaondoka kwa miguu.

Bi Kidawa aliokota vipande vya kalibu akampa mhunzi aviyeyushe. Kapu akampa mfinyanzi. "Hakikisha umbo limekauka vizuri kabla ya chuma," akamwambia, "chuma cha moto kikikuta unyevu kinaruka hadi usoni." Kisha akamwambia mumewe waende, tanuri lisije likapungua moto.

Amri ya nakshi haijafutwa mpaka leo katika nchi ile. Imo kwenye vitabu vya kasri, imeandikwa kwa wino mzuri. Ila hakuna aliyepatikana wa kuitekeleza.

Funzo: Ukiambiwa kitu kizuri si cha watu kama wewe, usikae mlangoni ukikiomba; kitengeneze, na ukishakipata kigawe upesi kwa wengi, kwa sababu kilicho mikononi mwa mtu mmoja huvunjwa kwa nyundo moja, na kilicho mikononi mwa wote hakina mtu wa kunyang'anywa.